Barua Mbili Kabla ya Kuuza Ploti

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mchagua jembe si mkulima, walisema wahenga. Nawaheshimu wahenga, lakini naona hawakupata kuchagua chuo kikuu. Jembe likikukataa utalitia mpini mpya, maisha yaendelee. Chuo ukikikosea, miaka imekwenda, fedha za wazazi zimekwenda, na cheti ulicho nacho hakuna wa kukupokelea. Ndiyo maana nimeomba nafasi katika jarida letu la mwaka huu niseme na wanafunzi wenzangu, na walimu wetu pia wakiniwia radhi, juu ya jambo hili la kwenda kusoma ng'ambo.

Ninalisema kwa sababu liko nyumbani kwetu. Kaka yangu anamaliza mwaka wa pili wa usanifu majengo katika chuo kimoja Nairobi. Migomo ya wahadhiri ya mwaka 2024 na ya mwaka 2025 ilimchosha. Akaviandikia vyuo vya nje kimyakimya, na sasa barua mbili zimekuja. Ya kwanza imetoka Uingereza. Wako tayari kumwingiza mwaka wa pili wa shahada ya miaka 3. Ya pili imetoka kusini mwa Marekani. Hao wana shahada ya miaka 5, watampunguzia karo kwa nusu, lakini mwaka atakaoingia watauamua baada ya kuikagua michoro yake. Mwezi wa Desemba, watu wa ukoo watakapokuja nyumbani kwa sikukuu, wataketi waamue. Baba ana ploti mbili kule Mamboleo. Moja itauzwa. Kaka ameniruhusu niyaandike haya, ila majina ya vyuo nisiyataje.

Kila mtu nyumbani ana rai yake. Baba mdogo ni mtu wa Uingereza. "Miaka 2 tu, kijana anarudi na digrii, tunachinja ng'ombe!" Mama anataka aende mahali palipo na watu wa kwetu, ili akiugua awepo wa kumpikia uji. Nyanya yeye anasema ardhi haiuzwi, basi. Mimi naunga mkono Marekani, lakini kwa masharti, na masharti hayo ndiyo hasa yaliyonifanya nishike kalamu.

Kwanza tukumbuke kwamba sisi watu wa ziwa si wageni wa mambo haya. Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga, ndiye aliyesimamia ile safari ya ndege ya mwaka 1959 iliyowapeleka wanafunzi 81 Marekani. Jaramogi Oginga Odinga wa Bondo naye aliwafungulia vijana njia ya kwenda Urusi na nchi nyingine za Ulaya Mashariki. Kwa hiyo hata wazee wetu waliwahi kuketi chini ya mti wakabishana: mtoto aende Magharibi au Mashariki? Wengi walisoma wakafaulu. Lakini wako waliorudi kutoka Mashariki wakakuta vyeti vyao vinatiliwa shaka katika ofisi za serikali, ingawa walikuwa wametoa jasho sawa na wenzao. Hapo ndipo funzo lilipo. Akili peke yake haitoshi. Lazima cheti kieleweke na yule atakayekipokea.

Sasa tuje kwenye usanifu majengo wenyewe. Wengi wetu tukisikia neno hili tunadhani ni kuchora nyumba nzuri. La hasha. Msanifu ndiye anayebeba dhamana ya jengo tangu kwenye karatasi: watu watoke wapi moto ukizuka, hewa ipite wapi, maji ya mvua yaende wapi. Kwa sababu hiyo masomo yake ni marefu. Chuo Kikuu cha Nairobi huchukua miaka 6. Na hapa Kenya huwezi kujiita msanifu majengo ati kwa kuwa una digrii. Sheria iko, ni Sura ya 525, na kuna bodi inayosajili wasanifu majengo na wakadiriaji wa gharama za ujenzi. Ukishahitimu unafanya kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa, kisha unaikalia mitihani ya bodi. Shahada ya nje inafaa au haifai, wenye kusema ni bodi. Baba mdogo hana neno hapo, na hata kaka mwenyewe hana.

Hebu basi tuzipige hesabu kama tunavyozipiga sokoni Kibuye. Uingereza, kwa desturi yao, hupanda ngazi tatu. Shahada ya kwanza ya miaka 3 ni ngazi ya kwanza tu. Baada yake kuna masomo mengine, aghalabu miaka 2, halafu kuna kazi na mtihani wa mwisho. Kaka akiingia mwaka wa pili, atabakisha miaka 2 kumaliza ngazi ya kwanza. Ongeza miaka 2 ya ngazi ya pili. Jumla ni miaka 4 darasani.

Marekani je? Huko kuna shahada za namna mbili, na majina yake yanafanana kama mapacha. Iko ya miaka 5, ambayo ndiyo ya taaluma kamili, na iko ya miaka 4, ambayo ukiimaliza itakubidi uongeze shahada ya uzamili ndipo uhesabiwe. Kaka ameitiwa ile ya miaka 5. Akiwekwa mwaka wa pili, amebakisha 4. Na akibaki Nairobi, sita toa mbili, ni ngapi? Ni miaka 4 vilevile!

Mnaona, jamani? Ile "miaka 2 tu" ya baba mdogo haipo. Njia zote tatu zina urefu mmoja, ila moja imewekewa mahali pa kupumzikia katikati, na mtu akifika hapo anadhani amefika nyumbani. Kaka akirudi baada ya ile miaka 2, atakuwa na cheti ambacho Uingereza kwenyewe hakimfanyi mtu kuwa msanifu. Je, tutarajie bodi ya Nairobi ikikubali kama kilichokamilika, ilhali wenyewe waliokitoa hawasemi kimekamilika?

Hapa sina budi kusema wazi kwamba nina maslahi yangu. Baba aliwahi kutuambia: ploti moja ya kaka, moja yangu. Mwakani niko kidato cha nne, na Mungu akipenda nami nitataka chuo. Miaka 2 ya kwanza ya Uingereza italiwa na ploti ya kaka. Miaka 2 ya pili italiwa na nini? Hakuna mtu nyumbani aliyeuliza swali hili, kwa kuwa wote wanaamini ile miaka ya pili haipo. Mimi ni msichana, na sitaki kusikia siku moja kwamba kaka yuko karibu kumaliza, kwa hiyo mimi nisubiri kidogo. Najua hiyo "kidogo" huwa ndefu namna gani. Simwonei kaka wivu, nampenda. Lakini mwenye kunufaika au kuumia na hesabu ana haki ya kuiona hesabu.

Jambo la pili ni jua na mvua. Wenzangu wa madarasa yale ya mabati mnanielewa. Saa nane mchana mwalimu anafundisha na sisi tunajipepea kwa madaftari. Mvua ikinyesha, hata ukipiga kelele jirani yako hakusikii, somo linakuwa la kuandika ubaoni. Ukienda mjini unakuta gorofa mpya za vioo zimeelekezwa jua la magharibi, halafu ndani mwenye ofisi anawasha mashine ya baridi kutwa nzima na kulia kwamba bili ya stima imempanda. Na mwaka 2020, ziwa lilipofurika, maji yaliingia nyumba za watu wa Dunga bila kubisha hodi. Msanifu atakayejenga hapa lazima awe amefundishwa kuyawaza mambo haya. Kama miaka yote amejifunza jinsi ya kuzuia joto lisitoke ndani ya nyumba, akija Kisumu atatupika.

Kuna watu waliosoma mbali na bado wakawajengea watu wao vizuri. Mkubwa wao ni Francis Kéré wa Burkina Faso. Alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, ambacho hakikuwa na shule, na ikambidi aondoke nyumbani akiwa na umri wa miaka 7 ili asome. Mwaka 1985 alipata ufadhili wa kwenda Ujerumani kujifunza useremala, na baadaye akasomea usanifu katika chuo kikuu cha ufundi cha Berlin. Alihitimu mwaka 2004. Lakini sikilizeni: shule ya msingi ya Gando aliyoichora na kuichangishia fedha ilikamilika mwaka 2001, yeye akiwa bado mwanafunzi! Kuta ni za matofali ya udongo uliotiwa saruji kidogo. Juu kuna dari yenye matundu, na juu zaidi paa la mabati limeinuliwa peke yake ili hewa moto ipite katikati itoke. Mwaka 2022 alitunukiwa tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata. Hata hapa Kenya amejenga, karibu na Ziwa Turkana, kituo cha vijana wanaojifunza kazi za kompyuta, chenye minara ya kupitisha hewa iliyoigwa kutoka kwa vichuguu vya mchwa. Berlin ilimpa elimu, lakini maswali aliyatoa Gando.

Mwingine ni marehemu Beda Amuli wa Tanzania. Alisomea Haifa, Israeli, akarudi akachora Soko la Kariakoo la Dar es Salaam lililojengwa miaka ya 1970. Paa lake ni nguzo za zege zilizofunguka juu kama miavuli, ili hewa ipite na mchuuzi apate kivuli. Mtu akipita pale hahitaji kusoma vitabu kujua kwamba aliyelichora alikijua kivuli cha mti.

Nasi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi kwamba ujenzi uko katika damu yetu. Kule Migori iko Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizopangwa bila saruji wala udongo wa kushikizia, zenye kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5. Wataalamu wanakisia zimesimama tangu karne ya 16, na mwaka 2018 Unesco ikazitia katika orodha ya urithi wa dunia. Chuo kitakachomfanya kaka aone kuta zile ni mawe tu, hicho sikitaki hata kingekuwa cha bure.

Kwa upande huu wa jua, kusini mwa Marekani kuna sifa yake. Joto na unyevunyevu wanaujua. Tena kuna desturi ya wanafunzi kujenga kwa mikono yao. Kule Tuskegee, Alabama, Robert Taylor, Mmarekani mweusi aliyehitimu usanifu mwaka 1892, aliyachora majengo ya chuo na wanafunzi wakafyatua matofali wenyewe. Katika jimbo hilohilo, Chuo Kikuu cha Auburn kilianzisha mwaka 1993 mpango wa wanafunzi wa usanifu kuwajengea nyumba watu maskini wa mashambani. Kaka akipata mafunzo ya namna hiyo, hata mafundi wa Kondele watamheshimu, na mafundi wa Kondele hawamheshimu mtu kwa kalamu peke yake. Baba ni mmoja wao, namjua!

Najua kuna watakaoniuliza: kama hesabu zote ni miaka 4, kwa nini asibaki? Mwalimu mmoja aliniuliza hivyo hivyo, na swali lake ni zito. Nairobi wanafundisha usanifu vizuri, Chuo cha Jomo Kenyatta kule Juja wanafundisha, Maseno hapa jirani kuna kitivo cha mipango na usanifu, Makerere wako, Ardhi ya Dar es Salaam iko. Wengi wa waliochora majengo tunayoyaona walisomea humu humu. Jibu langu ni kwamba kubaki si aibu, na katika familia yetu neno hilo limeachwa kutajwa kana kwamba ni tusi. Mgomo huisha. Ploti ikiuzwa hairudi. Kwa hiyo kubaki kuwe mezani siku hiyo ya Desemba, pamoja na zile barua mbili, na anayeona kwenda ni bora athibitishe.

Athibitishe vipi? Kwa barua mbili nyingine. Ndiyo masharti yangu.

Barua ya kwanza itoke kwa bodi ya wasanifu ya Nairobi. Kaka awaandikie ataje chuo na jina kamili la shahada, aulize: mtu akiwa na hii, mtamruhusu kukalia mitihani yenu? Aulize vyuo vyote viwili, asiache kimoja. Asitosheke na maneno ya rafiki wa rafiki aliyeko huko, wala ya wakala anayelipwa kwa kila kichwa anachokisafirisha.

Barua ya pili itoke kwa chuo cha Marekani, iseme kwa maandishi kaka anaingia mwaka gani. Katika usanifu, kuhamia chuo kingine si kama kuhamisha godoro. Alama za hesabu na fizikia zinaweza kukubaliwa, lakini kwa masomo ya kuchora na kubuni wanatazama mkoba wako wa michoro, na wakiona hautoshi wanakurudisha nyuma. Wakimweka mwaka wa pili au wa tatu, aende na baraka zetu zote. Wakimrudisha mwaka wa kwanza, itakuwa miaka 5 mingine juu ya hiyo 2 aliyokwisha kusoma, na hapo mimi nasema abaki Nairobi amalize, kisha aombe ufadhili wa shahada ya pili ng'ambo. Mwenye shahada kamili ya kwao akienda nje anakwenda kuongeza, haendi kuanza.

Na fedha zilipwe chuo chenyewe moja kwa moja, zisipitie mkono wa mtu. Tuliyaona ya mwaka 2023, wazazi wa Uasin Gishu walipoandamana Eldoret kuhusu fedha walizolipia masomo ya watoto wao Finland na Kanada. Wako waliokuwa wameuza mashamba. Sisemi zaidi, mambo hayo yalifika mahakamani. Nasema tu kwamba mzazi aliyeuza shamba hana pa kusimama akisubiri majibu.

Wako watakaosema mtoto wa kidato cha tatu anajitia mambo ya wakubwa. Labda. Lakini wanafunzi wenzangu, haya mambo ya wakubwa yanakuja kwetu mbio. Miaka miwili tu na sisi tutakuwa tunazishika barua kama hizo, uwe unataka udaktari, uhandisi au ualimu. Karibu kila taaluma ina bodi yake hapa nchini. Anayetaka kuondoka na aondoke, dunia ni pana, lakini kwanza ajue nani atamfungulia mlango siku atakaporudi. Na wale mnaopenda kuchora, msingoje chuo. Anzeni sasa. Pimeni darasa letu, mchore mahali hewa inapoingia na mahali inapokwama, mwulize fundi wa mtaani kwa nini ameweka dirisha pale. Michoro hiyo ndiyo itakayowekwa mezani siku chuo kitakapouliza unajua nini.

Kwa baba yangu, ambaye najua jarida hili atalisoma kwa sababu mama atamlazimisha, nina ombi moja tu. Mnunuzi wa ploti ameshapiga simu mara mbili. Mwambie angoje.